Usingizi wa Bwana Mbarak na Kumbikumbi wa Ploti

Kwa Mzee Ondiek,
Mwenye ploti,
Migosi.

Mzee wetu mpendwa,

KUH: KUHAMISHWA KWA BWANA MBARAK KABLA YA JUMAPILI

Nakusalimu kwa heshima, nikitumaini goti lako limepata nafuu. Mimi ni Dorca Adongo wa nyumba namba tatu, yule asiyekusumbua ila juu ya choo. Leo nimeshika kalamu kwa sababu maji yamezidi unga.

1. Nyuma ya nyumba zetu kuna kichuguu. Mvua ikikatika na jua likitoka, sisi hukifunika kwa blanketi, tukaacha tundu moja, tukagonga vijiti taratibu mpaka kumbikumbi wakadhani mvua imerudi, wakatoka wenyewe na kuangukia kwenye sufuria. Ndivyo walivyofanya mama zetu. Lakini Bwana Mbarak wa namba nne ni mlinzi wa usiku, hulala mchana, na kwa ajili yake umepiga marufuku vijiti.

2. Jumapili anakuja mama mkwe wangu, Mama Achola, kutoka Seme. Mwaka jana nilimpa kumbikumbi wa kununua sokoni Kondele. Alitafuna mmoja, akasukuma sahani, akasema, "Nyathina, mwanangu, hawa wametembea kuliko mimi." Mzee, niliumia sana. Nikamwahidi kwamba safari ijayo atakula wa hapa hapa, waliokaangwa kwa mafuta yao wenyewe na chumvi kidogo, pamoja na ugali wa wimbi. Nikishindwa tena, sina uso wa kumwonyesha.

3. Nilijaribu njia ya amani. Nilimwomba Bwana Mbarak akalale kwa dada yake Salme, kule Obunga, siku tatu tu. Alinijibu kwa upole kwamba yeye ni mpangaji halali. Na kumbikumbi je? Walikuwa hapa kabla ya mabati yako, Mzee, na hawajawahi kulalamika juu ya choo.

4. Kwa hiyo naomba mwajiri wake ashawishiwe ampe zamu ya mchana. Ikishindikana, ahamishwe. Ikishindikana hilo pia, ploti nzima itangazwe kuwa makao ya kumbikumbi, na binadamu yeyote anayelala mchana ahesabiwe kuwa mvamizi.

Wasalimie Mama, wajukuu, na yule jogoo wako mkali.

Ni mimi mpangaji wako mtiifu, mwenye njaa na matumaini,
Dorca Adongo

Tanbihi: Kabla sijafunga bahasha, mvua imekatika. Hakuna aliyegusa kijiti. Bwana Mbarak alikuwa amelala kando ya ukuta wa nyuma, karibu na kichuguu, anakoroma polepole, kwa mapigo yaliyo sawa, bila kukosea hata moja. Kumbikumbi wametoka wote. Nimejaza sufuria mbili na beseni la kufulia. Tafadhali, Mzee, mtu huyu asihamishwe. Ukimwona mwajiri wake, mwombe amwongezee zamu za usiku, kwani Mama Achola atakaa kwangu wiki mbili.