Mshahara wa Mabegani

Jumatatu moja ya mwezi Machi, mwaka wa 1975, wafanyakazi wote arobaini na mmoja wa Shirika la Taifa la Vifungo na Nembo, Bugolobi, waliitwa uwanjani kupokea habari njema. Habari hiyo ilisomwa kwa kipaza sauti, ingawa msikilizaji wa mbali kabisa alikuwa amesimama hatua saba kutoka kwa msomaji.

"Leo," alisoma Meja Fadhul, Mkurugenzi Mkuu, "Shirika limeipindua fedha. Fedha ni silaha ya mabeberu, na katika Vita hivi vya Uchumi hatuwezi kuendelea kuwakabidhi wananchi wetu silaha ya adui kila mwisho wa mwezi. Kanuni ya kwanza: mshahara wa fedha umesimamishwa. Kanuni ya pili: mfanyakazi ambaye hakulipwa fedha atapandishwa cheo, kila mwezi ngazi moja, bila kuruka na bila upendeleo. Kanuni ya tatu: asiyepandishwa cheo, alipwe. Maswali hakuna."

Makofi yalipigwa kwa muda unaofaa. Maswali kweli hayakuwapo. Mwaka uliotangulia fundi mmoja wa mashine aliuliza swali, na mpaka siku hiyo alikuwa hajarudi kuchukua jibu.

Uamuzi wenyewe ulikuwa na akili yake. Shirika ndilo lililoshona vitambaa vya mabegani na kugonga nyota za jeshi zima, na stoo ilikuwa imejaa vyeo hadi darini. Fedha ilikuja mara moja tu kwa mwezi, kwa gari la Wizara, ndani ya mfuko wa turubai, nayo ilikuwa na shughuli nyingine Kabalagala, ambako Meja alikuwa anajenga baa. Kuhusu yeye mwenyewe, Meja alijitolea. Alitangaza kwamba ataendelea kuubeba mzigo wa kulipwa fedha, ili mtu asije akasema anajipandisha cheo.

Adyero, mpika chai wa Shirika, alipiga makofi kama wenzake huku kichwani akipiga hesabu. Alikuwa mjane wa polisi, mtu wa Gulu, anayeishi chumba kimoja Bukoto na binti yake Amito. Ndani ya Biblia yake kulikuwa na barua ya chuo cha wauguzi. Amito amekubaliwa, aripoti tarehe mosi Oktoba akiwa na ada ya muhula, asiporipoti, nafasi atapewa anayemfuata kwenye orodha. Adyero alikuwa ameisoma barua hiyo mara nyingi mpaka mikunjo yake ikaanza kukatika.

Mwisho wa Machi alipanga foleni kwenye dirisha la mishahara. Nyuma ya dirisha alikaa Tarcisio Ojara, karani mzee aliyekuwa ameandika daftari la mishahara tangu wakati wa Mwingereza, na ambaye angeliandika hata kama mshahara ungekuwa wa vyura.

"Min Amito," alisema Tarcisio, maana ndivyo watu wa kwao wanavyomwita mama wa Amito, "saini hapa. Sasa we koplo."

"Koplo inalipa ada?"

"Mimi nagawa tu. Na pini iko mbili, usipoteze."

Aprili wakawa masajini. Wafagizi masajini, mafundi masajini, mwanamke wa kuhesabu vifungo sajini. Kwa mara ya kwanza katika historia ya taifa, wafanyakazi walikuwa wanajishonea mshahara wenyewe, na idara ya ushonaji ilifanya kazi saa za ziada ili iwahi kutolipwa.

Tatizo moja tu lilijitokeza. Getini kulikuwa na sajini wa kweli, mwanajeshi aliyeitwa Santo, mwenye bunduki na nidhamu. Alipoona masajini arobaini na mmoja wanatoka na vibakuli vyao vya chakula, alicheka mpaka akaegemea ukuta. Wafanyakazi wakanung'unika. Manung'uniko yakamfikia Meja, naye akaona hatari: watu wakishaanza kudharau cheo, watakumbuka fedha. Akatoa Kanuni ya nne siku hiyohiyo. Vyeo vya Shirika vina nguvu kamili ya kijeshi ndani ya ukuta wa Shirika. Asiyempigia saluti aliyemzidi atawekwa ndani.

Kutoka siku hiyo Santo hakucheka tena. Mei, walipokuwa maluteni, alikaza mgongo na kupiga saluti arobaini na moja asubuhi na arobaini na moja jioni. Mkono ukamvimba, akaomba dawa ya kuchua.

Redio ilisifu. Wizara ilileta bwana mmoja mwenye suti ya Kaunda, akatembezwa stoo, akaandika kwamba Shirika limefuta mfumuko wa bei kwa kufuta bei. Ujumbe wa kiwanda cha chumvi ulikuja kujifunza, ukaondoka na sampuli za nyota. Kanuni zikapigwa muhuri wa Wizara, zikawekwa kwenye fremu ya kioo juu ya dirisha la mishahara, na baada ya hapo hakuna binadamu aliyeweza kuzibadilisha bila kuonekana anapinga serikali.

Mwezi Julai, Adyero akiwa tayari kapteni, alikwenda chuoni na nyota zake tatu kila bega. Alikuwa amejiambia kwamba huenda chuo nacho kimesikia redio. Mtawa aliyeshika mambo ya ada alipomwona aliruka kitini, akamwita afande, akamfutia vumbi kiti, akamletea soda baridi.

"Afande Kapteni, Mungu akulinde," alisema mtawa kwa sauti ya kutetemeka. "Binti yako nafasi yake iko. Lakini ile ada, afande, unisamehe, iko ileile."

Adyero aliinywa soda yote kwa sababu hakujua atainywa tena lini. Njiani aliona aibu, na aibu yenyewe ilimkasirisha. Miaka yote aliyovaa viraka hakuwahi kuogopwa na mtawa, na hakuna siku aliyojiona fukara kama hiyo.

Nyumbani Amito alikuwa anamenya muhogo. "Mama, walikubali?"

"Walisimama."

"Walisimama, halafu?"

"Halafu walikaa. Weka chumvi kidogo, hiyo ni ya wiki nzima."

Mwisho wa Julai wote wakawa meja. Hapo Tarcisio, ambaye katika maisha yake yote hakuwahi kumpelekea mkubwa habari isiyoombwa, alibisha mlango wa ofisi ya Mkurugenzi Mkuu. Meja alikuwa amekuja kuchukua mfuko wake wa turubai, kwa kuwa siku hizo alifika Bugolobi mara moja tu kwa mwezi.

"Afande, samahani. Sasa wote iko meja. Wafagizi pia. Na mwisho wa mwezi wa nane wataenda luteni kanali."

"Basi simamisha."

"Tukisimamisha, tunalipa fedha. Kanuni ya tatu, afande. Iko na muhuri."

Meja alitazama ramani ya baa yake iliyokuwa imetandazwa mezani. Ilibaki paa. Ilibaki pia friji kubwa aliyoahidiwa na rafiki yake mmoja, tajiri mpya wa wale walioitwa mafuta mingi, aliyerithi duka zima la Mhindi aliyefukuzwa, bila kufiwa na mtu. Akacheka kwa upole, kama mtu anayemfundisha mzee jambo dogo.

"Ojara, vile ni vitambaa tu. Jeshi ni mimi. Wape. Hata wakitaka kuwa malaika, wape."

Tarcisio akawapa. Tarehe thelathini na moja Agosti, Adyero alibandika nembo na nyota, akawa Luteni Kanali wa chai. Meja alikwishaondoka na mfuko saa moja kabla, na mwezi mzima wa Septemba alikuwa juu ya ngazi Kabalagala akisimamia mabati.

Siku zikawa zinakwisha. Mtoto wa jirani aliyefuata kwenye orodha ya chuo alianza kumsalimia Amito kwa huruma nyingi kupita kiasi. Adyero alikwishakopa kila mahali palipokopeka.

Asubuhi ya tarehe thelathini Septemba aliingia getini na dumu la maji begani, kwa sababu bomba la Shirika lilikuwa limekauka. Santo akasimama kama mti. Saluti.

"Badala ya kunipigia mkono," Adyero alisema kwa hasira, "si ungenibebea hii dumu?"

Alisema tu, kama mtu anavyosema akichoka. Lakini Santo alitundika bunduki begani, akachukua dumu, akalipeleka hadi jikoni, akalitua, akarudi mbio, akasimama tena. "Imefika, afande!"

Adyero aligusa nyota begani mwake.

"Sajini. Nikikuambia funga geti?"

"Nafunga, afande."

"Na kama Meja iko ndani, anataka kutoka?"

Santo alishangaa kuulizwa jambo rahisi hivyo. "Meja iko chini ya luteni kanali, afande. Hata mutoto ya shule anajua."

Saa tano gari la Wizara lilileta mfuko wa turubai. Saa tano na robo Meja Fadhul alitoka ofisini akiwa ameukumbatia mfuko, na vumbi la saruji kwenye viatu, akaelekea kwenye gari lake. Geti lilikuwa limefungwa. Mbele ya geti alisimama mpika chai, aproni kiunoni, mabega yakimeta.

"Meja!" aliita. "Simama hapo!"

Meja alifungua kinywa kumtukana. Alikuwa na tusi zuri kabisa, lenye ukoo wote ndani yake. Lakini alikuwa amekaa jeshini miaka ishirini na miwili, na katika miaka hiyo macho yake yalikwishajifunza kutazama bega kabla ya uso. Macho yaliona nembo na nyota. Visigino vikagongana. Mkono wa kulia ukapanda wenyewe mpaka kwenye kofia, na mfuko wa turubai ukaanguka chini.

Aliyeshangaa kuliko wote alikuwa Meja mwenyewe, ambaye alikuwa anautazama mkono wake kwa jicho la pembeni na kushindwa kuuteremsha.

"Hiyo ni nini?" aliuliza Adyero.

"Mfuko, afande."

"Ndani?"

"Mshahara wa Shirika, afande."

"Inaenda wapi?"

Meja alijaribu kunyamaza, lakini swali la mkubwa lina namna yake ya kuvuta jibu. "Kabalagala, afande. Paani."

"Sajini Santo, chukua hiyo mfuko, peleka kwa dirisha ya Tarcisio. Na wewe Meja, mguu upande. Geuka. Twende."

Santo alikwenda na mfuko. Walipofika dirishani Meja alikuwa amepata pumzi kidogo. "Sajini!" alifoka. "Kamata huyu mwanamke!"

Santo alimtazama Meja, akamtazama Adyero, akahesabu nyota. "Nani amekupa ruhusa kupiga kelele mbele ya luteni kanali, afande?" aliuliza kwa heshima, na bunduki ikashuka kidogo kutoka begani.

Tarcisio alifungua daftari. Majina arobaini na moja yakaitwa, na arobaini na mmoja wakasaini. Wengine walizinusa noti. Adyero alipopokea zake alizihesabu mara moja, akazifunga kwenye leso, akaiweka kifuani, na hapo ndipo machozi yalipomtoka. Hakuyafuta. Alilia akiwa amesimama wima, cheo na vyote.

Kisha Meja akapiga hatua mbele. "Na mimi. Jina langu iko humo."

"Iko, afande," alisema Tarcisio, na kalamu yake ikasimama juu ya mstari. "Unachukua fedha?"

"Nachukua, ndiyo! Nilichukua kila mwezi!"

"Sawa. Anayechukua fedha hapandi. Kanuni iko na muhuri. Basi unabaki meja."

Meja alinyoosha mkono kuelekea kwenye noti. Halafu akageuka kutazama nyuma. Walikuwa wamesimama maluteni kanali arobaini na mmoja: wafagizi, wagonga nyota, mshona vifungo mwenye chongo, Adyero. Akaiona kesho asubuhi. Akaiona na kesho kutwa. Aliona mkono wake ukipanda na kushuka, ukipanda na kushuka, mbele ya mtu mwenye ufagio.

"Na nisipochukua?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Leo unakuwa luteni kanali, afande. Sawa na sisi."

"Na mwezi ujao tena?"

"Kanali kamili. Sisi tutakuwa tumelipwa, kwa hiyo tunabaki hapahapa. Tutakupigia saluti wote."

"Wote?"

"Mpaka Min Amito," alisema Tarcisio.

Meja Fadhul aliutazama mfuko, akayatazama mabega yale. Akavuta kalamu akasaini, haraka, kabla mtu hajabadilisha mawazo. Adyero alimbandika nyota kwa mkono wake mwenyewe, akahakikisha pini imeshika, na wafanyakazi wakapiga makofi kwa muda unaofaa.

Kesho yake Amito aliripoti chuoni saa mbili asubuhi na ndoo mpya. Mabati ya Kabalagala yalichukuliwa na fundi kufidia ujira wake, na kuta zikabaki zinanyeshewa. Fadhul alipanda Oktoba, akapanda Novemba. Kufikia Krismasi alikuwa Brigedia, mtu mkubwa kuliko wote Bugolobi, mwenye suruali iliyofungwa kwa kamba na shingo inayocheza ndani ya kola. Kila asubuhi alisimama getini, kidevu juu, na wafanyakazi arobaini na mmoja wakapita mmoja mmoja wakimpigia saluti safi kabisa, wakiwa wameshiba.