Dhahabu ya Kipini cha Sheikha

Alhamisi, 10 Mei 1979

Nimeamua. Nachimba dhahabu mwenyewe! Mke wangu Sheikha aliuza kipini chake tupate kutoka Zanzibar kuja huku kwa Waingereza. Nikamuahidi kingine. Miaka kumi na tano hiyo! Tarehe kumi na tisa ni harusi ya mdogo wake, na Sheikha kasema haendi na pua tupu. Gazeti linasema Wales kuna mgodi wa dhahabu uliotelekezwa. Waingereza bwana, kuacha vitu ovyo! Nimemwita Abdulsamad, mwenye gari, na Hemant, sonara wa Kingsbury, rafiki yangu tangu utotoni. Hemant akasema dhahabu anayoijua yeye hukaa dukani. Wivu tu.

Jumamosi, 12 Mei

Nimewapitisha njia za ndani, tusifuatwe. Tumefuatwa na kondoo. Abdulsamad kanung'unika njia nzima kwamba hili ni jangwa, hakuna mtu wala duka, ila lina mvua. Gari limezama kwenye tope mara mbili. Sambusa zimekwisha saa nne asubuhi. Lakini mgodi tumeuona! Shimo kilimani, giza tupu, maji ya magoti. Hemant kanishika mkanda kwa nyuma nisitumbukie, huku akinitukana kwa Kiunguja safi. Nikaokota jiwe. Linang'aa! Nimelia, sifichi.

Jumatatu, 14 Mei

Dukani kwa Hemant, mimi na Sheikha. Hemant kalidondoshea jiwe tindikali yake ya kupimia. Likatoa povu! Nikamwambia Sheikha hiyo ndiyo dhahabu yenye nguvu. Hemant akasema dhahabu anayoijua yeye haitoi povu. Sheikha akauliza, kwa sauti ndogo, kama kipini kitawahi harusi. Hemant akaizungusha pete kidoleni, pete ya dhahabu ya marehemu baba yake, haivui hata akioga. Akasema kitawahi.

Jumamosi, 19 Mei

Kipini! Sheikha kakivaa, kajitazama kiooni, kalia, kisha kanifokea nisimkodolee macho. Nampenda mwanamke huyu. Harusini nimewafundisha wageni wote kuchimba. Sheikha kamjazia Hemant halua mara tatu, mimi kipande kimoja.

Nikaona kidole cha Hemant kitupu. Akasema pete imepotea. Masikini! Sonara mzima, hajui kutunza dhahabu. Nikamwambia asihuzunike, rafiki yupo. Abdulsamad nimeshamwagiza ajaze petroli. Jumamosi tunarudi mgodini kumchimbia Hemant nyingine.