Shefali Asikie Mwisho Kwangu Kwanza

Ijumaa, 19 Januari

Shefali mpenzi,

Kitabu cha kumi na mbili cha mfululizo wetu wa safari za angani kimefika maktaba ya mtaa. Cha mwisho! Nakala moja tu, na haitoki nje. Jirani yetu Samaddar anakisoma asubuhi, mimi jioni. Yeye amebakiza kurasa sitini. Mimi, mia na arobaini. Kapteni wa chombo cha anga analia tena, kama alivyolia katika vile kumi na kimoja ulivyosoma huku dengu zikiungua.

Nilikuahidi hospitalini kwamba mwisho utausikia kwangu. Samaddar akinitangulia, atautangaza kwenye kibanda cha chai, na mtaa mzima utajua kabla yako. Haiwezekani.

Jumapili, 21 Januari

Dawa imepatikana! Kesho ni sikukuu ya Saraswati, mungu wa kike wa elimu. Vitabu hulazwa miguuni pa sanamu yake pale maktaba, na hakuna kusoma wala kuandika hadi keshokutwa asubuhi. Nimemwambia Anima wa maktaba kwamba kitabu kipya kama kile kinastahili baraka. Akauliza, "Kaka Nirod, tangu lini wewe mcha Mungu?" Lakini amekilaza. Samaddar amebakiza kurasa kumi! Alinuna kama mtu aliyeondolewa sahani mbele yake.

Kesho watu wakila, mimi nitasoma.

Jumatatu, 22 Januari

(Kuandika ni mwiko leo. Natumia penseli, haihesabiki.)

Walipopanga foleni ya wali wa dengu, nilijipenyeza nyuma ya sanamu. Kurasa sita tamu! Kisha chafya. Bata maji wa udongo, kipenzi cha Saraswati, akaanguka chini. Shingo huko, mwili huku.

Samaddar akapaza sauti: "Jamani, njooni mwone! Mzee mzima anamwibia Mungu kurasa!" Wasichana wa sari za njano walicheka mpaka wakamwaga wali. Anima amenipiga marufuku wiki nzima. Na kitabu? Kesho Samaddar anaruhusiwa kwenda nacho nyumbani. Kwake!

Jumatano, 24 Januari

Nimejifungia ndani, pamba masikioni, nisije nikasikia mwisho ukipita barabarani. Nilisahau komeo. Nilikuwa nakaanga biringani. Nageuka: Samaddar amekaa mbele ya picha yako yenye shada la maua, mdomo unakwenda, mikono inapaa. Anakuhadithia!

Nilichomoa pamba nikaambulia, "...basi, ndivyo ilivyokwisha, dada." Nikamfokea. Akasema ulimwambia kwenye foleni ya samaki kwamba akimaliza kwanza asikufiche. Alikuwa analia, mpumbavu yule. Nikampa biringani. Ameniachia kitabu.

Sasa wewe unajua. Mimi sijui.

Alhamisi, 25 Januari

Nimemaliza. Kurasa elfu sita za kutafuta jua jipya, kumbe ni hili hili letu. Chombo kilikuwa kinazunguka tu. Kapteni akalia. Yule roboti uliyempenda, aliyejifunza kukaanga samaki, hakutajwa hata mara moja. Aibu! Hata hivyo nilikaa na kitabu mapajani, nikashindwa kukifunga. Kurasa zilipokuwa zimebaki, nilikuwa bado nina la kukuambia.

Usimsikilize Samaddar. Haelewi vitabu. Mwisho wa kweli ni kwamba roboti alifungua mgahawa, na Kapteni akaosha vyombo.

Anima amepokea mfululizo mwingine. Vitabu kumi na tisa! Samaddar ameshauulizia. Hatakipata cha kwanza: nimekichomoa kupitia dirisha la maktaba, kiko ndani ya pipa letu la mchele. Safari hii utasikia kwangu.

Nikumbuke, Shefali.