Vikorombwezo vya Pikapu ya Umeme

Royce Hargis, muuza magari wa mji wa Lubbock mwenye ulimi wa asali na kofia pana kama mwavuli, alimwona Bi. Velda Oberkampf akishuka kutoka kwenye gari bovu, buti zimejaa vumbi la shamba la pamba. Moyo ukamruka kwa furaha.

Kwenye uwanja wa duka palikuwa na pikapu ya umeme iliyomganda miezi minne. Kiwandani waliipamba hadi bei iliyobandikwa kiooni ikafika dola 81,400, na serikali ilitoa nafuu ya kodi, dola 7,500, kwa mnunuzi wa pikapu ya umeme ambayo bei yake haizidi dola elfu themanini tu.

"Nafuu nitaipata?" Bi. Velda aliuliza hata kabla ya salamu.

"Niachie mimi, mama! Tunapunguza vikorombwezo, bei inashuka. Chagua mwenyewe."

Bi. Velda akaizunguka kama anayekagua ng'ombe mnadani.

"Toa hizo rimu zinazometameta."

"Zimetoka!"

"Kifuniko cha nyuma?"

"Kwaheri yake!"

"Na viti vya kupasha makalio joto?"

Royce akasita. "Hivyo havitoki, mama."

"Basi viache. Makalio yenyewe yana miaka sabini na moja."

Royce akatangaza bei mpya kama askofu anayebariki ndoa: 79,850! Alijua fika kwamba serikali husoma karatasi ya bei ya kiwandani, haijali kilichofunguliwa kwa spana baadaye. Lakini, kwa uungwana wake, hakupenda kuwachosha wateja na sheria. Rimu zenyewe alishampata wa kumuuzia.

"Niandikie basi," alisema Bi. Velda, "kwamba serikali ikininyima, mtanilipa nyinyi."

"Jamani, mama! Huniamini?"

"Nakuamini sana, mwanangu. Ndiyo maana nautaka mwandiko wako."

Ajuza kama huyu atakumbuka wapi? Royce akaandika, akasaini, akachora na nyota pembeni.

Aprili, msimu wa kodi, Bi. Velda akarudi na pikapu yake, barua ya kunyimwa mkononi. Meneja, Bwana Tedford, akaisoma ile karatasi ya Royce mara mbili, shingo ikimwiva kwa hasira.

"Royce, nyota hii ni yako?"

"Nilikuwa natania tu, bosi..."

"Duka litamlipa mama. Wewe utalilipa duka."

Bi. Velda alipokwisha kuiweka hundi kwenye mkoba, Royce akamfuata nje, kofia mkononi.

"Mama, si ungesema tu! Ningekuuzia ya elfu sabini, ukapata nafuu yako bila kelele."

"Nisingepata hata senti. Nina viwanda vitatu vya kuchambua pamba, mwanangu. Kwa kipato changu, serikali hainipi kitu kwa gari lolote. Nilipita maduka manne nikitafuta mtu wa kuniandikia. Wote waaminifu, wakanikatalia. Nilikuwa nimeshakata tamaa, Mungu akanionyesha wewe."

Royce akageuka kutafuta neno la kumjibu, lenye makali. Alipolipata na kugeuka tena, pikapu ilikuwa imeshafika barabarani, wala hakuisikia ikiondoka.