Dhahabu Kwenye Kuta za Babu

Jumatatu, 8 Oktoba 1951
Jirani Marcel kapita na baiskeli mpya. Kengele anaipiga, na njiani hakuna hata kuku! Dhahabu kaipata kilimani. Kilima kile kile walikobeba udongo kina bibi, babu akajenga msonge huu mwaka wa sotoka, ng'ombe walipokwisha kwa tauni. Kumbe Marcel anahangaika na mashimo, mimi nalala ndani ya dhahabu. Mjinga nani?

Jumatano, 10 Oktoba
Nimeanza kubandua ukuta kwa ndani, nyuma ya mitungi. Dada Nyamizi haoni vizuri, ila masikio ya sungura. Akauliza panya gani huyo anayekohoa. Nikasema nakarabati. Akasema tangu nizaliwe sijakarabati kitu, nisimwanzie yeye uzeeni. Kazaliwa humu, hahami. Nani kamfukuza?

Ijumaa, 12 Oktoba
Nimeosha udongo kwenye karai hadi maji ya kunywa yakaisha. Tope! Makoye, mwanawe dada, kachungulia. Mjomba, akasema, nguzo mchwa walishazila, nyumba imeshikwa na huo udongo unaobandua. Kamsihi mama yake ahamie kwake. Mama kagoma. Mtoto wa juzi kunifundisha nyumba ya babu yangu! Nguzo za mgunga haziliwi. Nikaigonga moja aone. Ikalia kama ngoma. Nikasema, unasikia ilivyo ngumu?

Jumapili, 14 Oktoba
Mvua ya kwanza, ya mawe. Nyasi za paa zikanywa maji. Mimi nilikuwa nje, nakinga maji ya kuoshea udongo. Msonge ukalala kama ng'ombe mzee: magoti ya mbele kwanza, halafu wote. Wala haukupiga kelele. Marcel kaitupa baiskeli matopeni, akafukua kwa mikono pamoja na Makoye. Dada alikuwa kitandani. Tumemtoa kafumba macho, nywele zimejaa udongo.

Jumatatu, 15 Oktoba
Tumemzika uani. Makoye hanisemeshi. Wanawake wanalia huku wananikodolea. Nimelia kweli, sikuigiza. Huyu ndiye aliyenibeba mgongoni nikiwa mchanga. Kisha kila mtu akachota konzi ya udongo atupie kaburini. Wamechimba chini sana, udongo umetoka mwekundu. Konzi yangu iling'aa. Nikatazama kulia, nikatazama kushoto. Nikaitia mfukoni.