Vikao Sita vya Kichwa cha Kaya

Jumatatu, 3 Novemba

Pasi amerudi kazini. Tunamwita Pasi kwa sababu shati lake halina mkunjo hata siku ya kupokea saruji. Wiki mbili amelala nyumbani na mshahara unaingia! Mashavu yanang'aa. Nimemuuliza siri yake. Amesema alikwenda kwa mshauri nasaha, akaandikiwa mapumziko, bima ikalipa kila kitu. Kumbe! Miaka yote nilidhani ile kadi ni ya homa na meno tu.

Mwisho wa mwezi tunahesabu mali ya ghala zima: mabati, rangi, misumari ya kila ukubwa. Mwaka jana vumbi lilinipigisha chafya mpaka majirani wakazoea. Safari hii wahesabu wazima. Nimepiga simu bima. Dada aliyepokea amesema afya ya akili inalipiwa vikao sita kwa mwaka, kwa kaya nzima. Kaya ni mimi na mke wangu, na kichwa cha kaya ni mimi. Kichwa kikiugua, kaya nzima imeugua. Nimeweka miadi.

Jumatano, 5 Novemba

Kikao cha kwanza. Mshauri ni mama mmoja wa sauti ndogo, miwani yake ina kamba. Chumbani kuna viti viwili, boksi la karatasi za kufutia machozi na ua la plastiki. Nikajitia hamnazo pale pale. Nikalisalimia ua. Nikamwambia mshauri nasikia sauti. Akauliza zinasema nini. Sikuwa nimejiandaa! Nikasema zinanitakia asubuhi njema.

Akasema sauti hizo zina adabu sana. Kisha akauliza nyumbani hawajambo. Naumwa mimi, anauliza nyumbani! Sikuandikiwa hata nusu siku.

Ijumaa, 7 Novemba

Wazo! Uongo mtupu haukai, unataka kuchanganywa na ukweli. Nahitaji dalili halisi, na bahati nzuri ninazo nyumbani. Mke wangu, tangu tumzike mama yake, amekuwa mtu wa ajabu. Halali. Nikigeuka kitandani namkuta macho yako darini. Jana ametia chumvi kwenye chai, akainywa yote bila kukunja uso. Mwenye macho haambiwi tazama! Nimetazama, nimehifadhi, nimekwenda nazo kikaoni.

Nikasema silali. Nikasema nakunywa chai ya chumvi na sisikii ladha. Mshauri akaweka kalamu chini. Akaniambia pole kwa sauti iliyonifanya nijionee huruma mwenyewe. Nilitoka pale natembea kama mshindi.

Jumatatu, 10 Novemba

Asubuhi mke wangu kaniuliza kadi ya bima iko wapi. Nikashtuka! Nikamwambia ofisini wameikusanya, wanabadilisha picha. Akasema basi, si kitu, hakuwa na haraka. Jino, bila shaka. Nimemwachia pesa ya dawa ya maumivu, mimi si mume mbaya. Kadi imelala ndani ya soksi yangu.

Kikaoni nimetoa kubwa zaidi. Huyu mke wangu ana mtindo mpya: anaingia bafuni, anafungulia bomba, maji yanamwagika hata robo saa, na chini ya maji hayo unasikia kilio kidogo kidogo. Anatoka mkavu! Hajaoga! Mimi hulalamikia bili ya maji tu. Lakini kwa mshauri nimesema ni mimi ninayelia. Mshauri akavua miwani, akaifuta. Nimemshika.

Alhamisi, 13 Novemba

Pasi kaniona kwenye ngazi za mshauri. Aibu! Nikadhani atanicheka, nami nilikuwa na tusi tayari. Badala yake kanishika bega. Amesema mle ndani alilia mpaka akaishiwa nguvu, maana tangu mdogo wake afe alikuwa akiogopa kurudi nyumbani kwenye chumba kitupu. Amesema ananiombea.

Angalieni muigizaji! Hata nje ya chumba hajaacha kuigiza. Lakini lazima nikiri kuwa ile ya chumba kitupu ni nzuri. Dakika kumi baadaye nilikuwa nayo kikaoni, ila mshauri aliuliza chumba gani, nikakwama, nikasema stoo.

Jumatatu, 17 Novemba

Kikao kilianza vizuri. Nikarudia kilio cha bafuni, safari hii na madoido: taulo mdomoni, sauti isitoke. Mshauri akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, polepole kabisa, kwamba kilio hicho ninapokisikia, ninakuwa upande gani wa mlango.

Nikajibu nje.

Ulimi hauna mfupa! Nikajaribu kuliangalia ua la plastiki. Mshauri akasema hataniuliza lolote kuhusu mapumziko. Akasema kimebaki kikao kimoja cha kaya yangu mwaka huu, ananiomba nisikitumie. Nimpe mke wangu kadi, aje yeye, hata kesho.

Nimefikiri njia nzima. Naona hila yake. Anataka kumhoji mke wangu kama shahidi, anibane!

Jumatano, 19 Novemba

Nimekitumia.

Mshauri aliponiona nimekuja peke yangu akatazama mlango nyuma yangu. Mimi nilikaa, nikajifuta machozi ambayo hayakuwepo, nikatumia karatasi sita. Mwisho nikaomba barua yangu. Akaandika hapo hapo, akaifunga. Niliipeleka kwa afisa utumishi mkono kwa mkono, nikiwa nimeinamisha shingo kwa uchovu wa roho. Afisa akaisoma mara mbili. Inasema sina ugonjwa, nifanye kazi zangu zote kama kawaida, na jioni niwahi nyumbani nimsikilize mke wangu.

Nimepangiwa misumari. Msimamizi wangu ni Pasi!

Ijumaa, 21 Novemba

Mke wangu amepiga simu bima mwenyewe. Namba kaipata nyuma ya kalenda ya ofisi ninayoipenda kwa picha zake. Wamemwambia vikao vyote vya kaya vimekwisha, vimetumiwa na mume. Nilitegemea makelele. Nilikuwa hata nimepanga utetezi, kuhusu kichwa na kaya. Hakunifokea. Aliniuliza kitu kimoja tu: huko nilikuwa nasema nini, vikao sita vyote.

Nikamwambia ni siri ya mgonjwa.

Akaingia bafuni. Hakufungulia bomba. Alilia kwa hasira, akasikika mtaa mzima, na mimi nikaona haya kwa majirani.

Jumapili, 23 Novemba

Shemeji, dada yake mkubwa, amekuja kumchukua. Hakunisalimia. Amesema mshauri amekubali kumpokea mdogo wake bila kadi, gharama atabeba yeye dada mtu. Mke wangu aliosha kikombe chake, akakifunika. Nikamuuliza atarudi lini. Akasema akilala usingizi. Nikamwambia usingizi hata hapa upo, kitanda ni kile kile. Shemeji akanitazama, nikaona bora niwabebee begi.

Nimekula wa chuya! Wiki mbili za mapumziko nimezitafuta mimi, anakwenda kupumzika yeye.

Ijumaa, 28 Novemba

Siku ya tatu ya misumari. Pasi ananisaidia kuhesabu ingawa si kazi yake, ili anisimange baadaye, namjua. Kaniuliza nyumbani hawajambo. Kila mtu na nyumbani!

Nyumba iko kimya. Silali. Naangalia dari; sikujua ina ufa mrefu hivyo. Asubuhi nimetia chumvi kwenye chai, nimeimaliza ndipo nikakumbuka. Jioni nimeingia bafuni, nimefungulia bomba, nimekaa pale kwenye ndoo nimevaa shati na viatu. Sijui nilikaa kwa nini. Uso ulikuwa umelowa na maji hayakunigusa.

Halafu ghafla nikasimama. Bomba! Chai! Dari! Dalili zote ninazo, halisi, na mimi niko ndani ya mlango! Huyo mama aniulize tena upande gani! Januari vikao vinaanza upya, vyote sita. Nimeanza kuandika kila kitu nisije nikasahau, na kadi nimeirudisha kwenye soksi.