Jinsi Bwana Msellem Alivyopigana na Nuru kwa Ajili ya Uso wa Bi Khole

Enyi mlioketi na mliojinyoosha, wekeni vikombe chini, wanyamazisheni na watoto, kwani nnakuleteeni habari za vita ambavyo Bawshar, mtaa wetu wa Muscat, haijapata kuviona. Na kusema kweli hata siku ile haikuviona, maana mapazia yalikuwa yamefungwa. Hii ndiyo tarikh, yaani historia, ya Msellem bin Bakhit, simba wa majlis ya kupokelea wageni, mstaafu wa wizara, mwenye kitambi kitukufu kinachomtangulia kila aingiapo, siku alipotoka kupambana na nuru yenyewe ili ampige picha mkewe.

Wala msiseme picha ni jambo dogo. Bi Khole, mke wa shujaa, aliamka asubuhi moja upande wa kushoto wa uso umelegea, mdomo umekwenda kombo. Daktari akasema ni mshipa, utapona polepole. Ulipona nusu, kisha ukachoka. Tangu hapo Bi Khole hataki picha, na binti yao Lamya, anayesoma Uskochi, kila akipiga simu ya video huonyeshwa dari.

"Mama, dari nimeshaihifadhi," alisema Lamya siku moja. "Nnataka kukuona wewe."

Bi Khole akakata simu, akaenda kukuna nazi isiyokuwa na mchuzi wa kuingia. Msellem aliyaona hayo, yakamuuma, na hakujua la kufanya.

Ndipo milango ya maarifa ilipomfungukia kule mtaa wa Madinat Sultan Qaboos, kwenye mhadhara wa sanaa alioingia kufuata kiyoyozi tu. Ukutani palimurikwa picha ya mwanamke wa Ulaya, ya zama za Baroki, karne nne zilizopita: nuru imemwangukia upande mmoja wa uso, upande wa pili umezama gizani. Mhadhiri alisema mengi juu ya mwanga, kivuli na siri za nafsi. Shujaa wetu aliokota moja tu: kumbe nusu ya uso yaweza kufichwa, na bado walimwengu wakasifu! Akarudi nyumbani anaendesha gari kama aliyeteka mji.

Adui wa kwanza alikuwa thuraya, taa ile kubwa ya vioo inayoning'inia katikati ya majlis, ambayo haizimwi mgeni akitarajiwa, na nyumba ile mgeni hutarajiwa daima. Msellem akasimama chini yake, rimoti mkononi.

"Ewe thuraya!" alinguruma. "Umewamurikia mashangazi na mabinamu, umewaumbua wenye mvi na wenye makunyanzi! Leo nnakuamuru, lala!"

Thuraya ikageuka buluu. Akabonya tena, ikawa zambarau. Akapanda kiti, goti likamkumbusha umri wake, akashuka kwa heshima zote, akazima swichi ya ukutani iliyokuwa mbele ya macho yake muda wote.

Likabaki jua la Muscat, nalo si jua la kubembelezwa. Akalizuia kwa mapazia, kisha kwa mablanketi, akaacha upenyo mmoja tu dirishani. Nyuma ya kiti akatundika abaya nyeusi, liwe giza kama la ile picha ya kale. Jasho likamtiririka hata Bi Khole akamwonea huruma, akakubali kukaa, shavu la kulia kwenye mwanga, la kushoto kivulini.

Mara akaingia jirani yao Bi Mahbuba, sahani ya vitumbua mkononi. Akaona giza, nguo nyeusi, na Bi Khole kakaa kimya.

"Inna lillahi! Shoga yangu, kafa nani, na mie sijaambiwa?"

"Hajafa mtu, Bi Mahbuba!" alitangaza Msellem, mkono juu. "Hapa inazaliwa sanaa!"

"Basi si muwashe taa izaliwe mahali panapoonekana," alisema Bi Mahbuba, akakaa, akaanza kuvila mwenyewe vitumbua alivyoleta.

Msellem akapiga. Wallahi ilikuwa picha! Nusu ya uso yang'aa, nusu imemezwa na giza. Akampelekea mkewe simu kwa mikono miwili. Bi Khole akaitazama sana.

"Mashallah. Na nusu yangu ya pili umeitia wapi, Baba Lamya?"

"Gizani. Ndiyo sanaa yenyewe."

"Ndiyo unayoionea haya?"

Bi Mahbuba akaacha kutafuna.

"Khole, mimi nilidhani weye ndiye unayeona haya," alisema Msellem.

"Nnaona," alisema Bi Khole taratibu. "Lakini sikutaka na weye unionee haya."

Msellem alitamani zulia limmeze. Alikuwa amepigana asubuhi nzima, na kumbe aliyejeruhiwa ni mkewe.

Bi Khole akainuka, akamrudishia simu, akakigeuza kiti mwenyewe, akakaa tena. Sasa nuru ilimwangukia shavu la kushoto: jicho lililofumba nusu, pembe ya mdomo iliyoshuka.

"Piga," alisema, "kabla moyo haujarudi nyuma. Halafu mpelekee mwanangu."

Basi wenye kuandika tarikh na waandike: mwaka huu, Bawshar, haikutekwa ngome wala hakuanguka sultani. Mwanamme mmoja mnene, macho yamemjaa machozi, alibonya kioo cha simu kwa kidole kilicholowa jasho, akakosa, akabonya tena. Na Bi Khole hakugeuza uso.